Hesabu Mikwaruzo Kabla Hujalipa

Mezani kwangu zipo nakala tatu za singo moja ya benga, santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Namba ya katalogi ni ile ile, majina ya wanamuziki yale yale, na wimbo umekatwa katikati vile vile: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Ila lebo hazifanani. Moja rangi yake imekolea na maandishi yamebanana. Ya pili karatasi imepauka, herufi nene. Ya tatu jina la mtunzi limekosewa herufi. Mkusanyaji anayefuata vitabu atataka kujua ipi ilitoka kwanza, na hiyo ndiyo atakayoilipia zaidi. Mimi nikiulizwa nasema zote tatu ni halali na zote zimetoka kwenye chuma kimoja. Kuhusu ipi ilitangulia, mniache.

Ushauri mwingi kuhusu santuri umeandikwa na watu wanaowinda bendi za Uingereza na Marekani. Huko kila badiliko la lebo limeshafuatiliwa: lini kampuni ilihama mtaa, lini mstari wa chini uliondolewa, lini rangi ilibadilika. Ukija na ushauri huo River Road ya Nairobi au Kariakoo ya Dar, utaumbuka. Viwanda vyetu vilifyatua singo kadiri maduka yalivyoagiza. Kibao kikiendelea kuuzwa mashine inarudi kazini, na karatasi ya lebo inayotumika ni ile iliyopo siku hiyo. Nani alikuwa na muda wa kuandika "toleo la pili"?

Ndiyo maana nikishika santuri ya huku sihangaiki sana na ipi ya kwanza. Najiuliza sauti iliyomo humu imetoka wapi. Imetoka kwenye utepe wa studio, au kuna mtu alichukua santuri iliyochakaa, akaicheza, akairekodi na kuifyatua upya? Swali hilo linajibika. Jibu lake ni nadra kuwa kwenye karatasi. Ukilitafuta vizuri utalikuta kwenye plastiki yenyewe na masikioni.

Kwanza tujue santuri hizi zilizaliwa wapi, kwa sababu nusu ya ulaghai unaishia hapo. Mji wa santuri wa Afrika Mashariki ulikuwa Nairobi. East African Records walikuwa na kiwanda pale tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, enzi za sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Miaka ya 1960 Charles Worrod aliendesha Equator Sound Studios, nyumbani kwa akina Fadhili William, Daudi Kabaka na Gabriel Omolo. Baadaye wakaja wakubwa wa kimataifa, Phonogram na Polydor, na CBS nao hawakubaki nyuma. Pembeni yao kulikuwa na utitiri wa lebo ndogo za wenye maduka na wanamuziki wenyewe. Mombasa walikuwa na Mzuri, lebo ya duka la Assanand, ambayo mpenzi yeyote wa taarabu ya pwani lazima ameiona.

Bendi za Tanzania zilitegemea viwanda hivyo hivyo vya Nairobi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa wingi, lakini kanda zile zilikuwa za kurushwa hewani. Aliyetaka santuri madukani alipanda basi kwenda Kenya. Mbaraka Mwinshehe, mtoto wa Morogoro, santuri zake zilitoka kwa lebo ya Polydor ya Kenya, zenye namba zinazoanza na POL kwa singo na POLP kwa LP, zile santuri kubwa za albamu. Kwa hiyo ukiona bendi ya Dar au Morogoro na chini ya lebo imeandikwa "Made in Kenya", usishtuke, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, baada ya Jumuiya kuvunjika, na kubaki umefungwa hadi 1983, biashara hii iliteseka, lakini muziki uliendelea kupenya.

Hata hivyo Nairobi siyo jibu la kila kitu. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwa ajili ya HMV, kampuni yenye nembo ya mbwa na gramafoni. Santuri zake ni za mizunguko 78, zimetengenezwa kwa utomvu wa shelaki, na zikianguka sakafuni zinavunjika kama sahani ya chakula. Mtu akikuletea Siti kwenye plastiki inayopinda, hata kama lebo ina picha ya mbwa na gramafoni, hilo ni toleo la miaka mingi baadaye. LP ya plastiki yenyewe ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, na singo ya mizunguko 45 ikafuata 1949. Kwa upande wa pili kuna Matata, vijana wa Nairobi waliohamia London na kurekodi kwa President Records miaka ya 1970. Albamu zao za mwanzo ni za Uingereza. Nimewahi kumsikia mtu akiapa kwamba nakala yake ya Matata ni feki kwa sababu haina neno Kenya. Alikuwa nayo halisi mkononi na anaitukana.

Sasa turudi kwenye ule usemi wangu wa "chuma kimoja". Fundi wa kukata anachonga sauti kwenye sahani laini iliyopakwa lakei, aina ya vanishi. Sahani hiyo inanyunyiziwa fedha, kisha inawekwa kwenye tangi la umeme mpaka nikeli iishike na kuganda juu yake. Ukiibandua unapata chuma baba, chenye mifereji iliyogeuzwa, vilima mahali pa mabonde. Kutokana na hicho hutengenezwa chuma mama, na kutokana na mama hutoka vyuma vya kufyatulia, vile vinavyobanwa kwenye mashine pamoja na plastiki ya moto. Chuma cha kufyatulia huchakaa baada ya nakala nyingi. Mama akiwa mzima, kinatolewa kingine.

Fundi yule wa kukata, kabla sahani haijatoka mikononi mwake, huandika namba katika ule ukanda laini usio na muziki, kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Nitauita ukanda wa ndani. Mwandiko wake unarithiwa na kila kitu kinachofuata: baba, mama, na nakala zote zinazouzwa. Ndiyo maana zile singo zangu tatu za benga, pamoja na lebo zao tofauti, zina mwandiko mmoja kwenye ukanda wa ndani, hadi ile herufi A iliyolala kidogo kushoto na mkwaruzo mdogo pembeni yake pale mkono wa fundi ulipoteleza. Lebo ni karatasi, mtu yeyote mwenye kichapishi kizuri anaweza kuiiga. Kuuiga mkono wa mtu aliyekata sahani Nairobi miaka hamsini iliyopita ni kazi ya peke yake, na hata ukiuiga, hujapata mifereji.

Ninavyoisoma ni hivi. Nakaa karibu na dirisha au nawasha taa ya mezani. Siiweki santuri bapa chini ya mwanga. Naiinamisha mpaka mwanga uchomoze kutoka pembeni, hapo maandishi yanajitokeza. Naangalia kama yameandikwa kwa mkono au yamegongwa kwa muhuri wa herufi. Singo nyingi za Nairobi zilizopita mikononi mwangu zina namba ya katalogi na herufi ya upande, basi, hakuna mbwembwe. Nikikuta namba ndefu ya tarakimu sita ikifuatwa na E na tarakimu nyingine, mkwaju (/) na herufi ya upande, nafahamu niko mbele ya kazi ya GZ Media, kiwanda kikubwa cha Loděnice, Jamhuri ya Cheki, ambacho leo kinafyatulia nusu ya dunia. Nikiona MPO, hicho ni kiwanda cha Ufaransa. Nikiona DMM, basi mkato ule ni wa teknolojia ya kuchonga moja kwa moja kwenye shaba iliyoanza mwaka 1982, na santuri hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo hata muuzaji alie machozi.

Alama kama hizo hazisemi kwamba santuri ni ya wizi. Matoleo halali ya marudio yanafyatuliwa GZ kila siku. Zinachosema ni kwamba bei ya "orijino" imekufa hapo hapo.

Karatasi nayo ina kauli yake, ila naisikiliza kwa tahadhari. Msimbo wa mistari nyuma ya jalada la albamu inayodaiwa kuwa ya 1974 ni kichekesho. Kwenye majalada ya muziki misimbo hiyo ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1970 na hasa miaka ya 1980. Herufi MCSK kwenye lebo ni za chama cha hakimiliki ya muziki cha Kenya kilichoanzishwa mwaka 1983. Wimbo unaweza kuwa wa 1975, lakini nakala yenye herufi hizo ilifyatuliwa baadaye. Siyo bandia, ni ndugu mdogo. Singo za huku kwa kawaida zilivaa bahasha za kampuni au bahasha tupu za duka, kwa hiyo singo ya zamani ya Nairobi yenye jalada la rangi na picha ya bendi hunifanya niangalie mara mbili.

Lebo za kiwandani hazigundishwi kwa gundi. Karatasi inakaushwa, inawekwa kwenye mashine pamoja na donge la plastiki, na joto na mgandamizo vinavifanya kitu kimoja. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa lebo: usisikie ngazi. Ukucha ukinasa, kona ikainuka, na chini yake ukaona weupe wa gundi, mtu amebandika lebo juu ya santuri nyingine. Hilo hutokea zaidi kwa singo zenye jina kubwa, na chini ya lebo ya kibao maarufu unaweza kukuta kwaya ambayo hukuitarajia. Jina la bendi kwenye lebo nalo msiliamini kupita kiasi. Wanamuziki wa Nairobi waliokuwa na mkataba na kampuni moja walizoea kuingia studio ya kampuni nyingine kwa jina la kubandika. Gitaa ndilo linalowasaliti.

Uzito? Watu wanaupenda mtihani wa uzito kwa sababu ni rahisi. LP nyingi za zamani zina gramu 120 hadi 140 hivi, na matoleo mapya mengi hujisifu kwa gramu 180. Unasaidia kidogo, hauamui kitu.

Usafi ndio unaowachanganya wengi. Wapo wanaosema santuri ya Afrika Mashariki ikiwa safi basi ni feki, kwa sababu za kweli zilichezwa kwenye baa na kwenye harusi mpaka zikapata upara. Si kweli. Nairobi bado kuna shehena za kale ambazo hazikuwahi kuuzwa. Duka la Melodica, Tom Mboya Street, linajulikana na wakusanyaji wa dunia nzima kwa sababu hiyo. Kanda zilipovamia soko, zikafuatwa na kanda za wizi, singo zililala kwenye rafu zikiwa hazijaguswa na sindano. Vile vile chakavu siyo cheti. Mtu mwenye msasa na subira anaweza kuzeesha kitu kwa jioni moja.

Na jalada linaweza kuzeeshwa bila hata msasa. Soko moja la Nairobi nilimkuta mzee anauza LP ya bendi ya Tanzania, jalada limekunjika kona, mviringo wa santuri umejichora mbele kama inavyokuwa kwa majalada yaliyobanwa rafuni miaka mingi.

"Mwanangu, hii ni ile ya kwanza kabisa. Ona jalada lilivyochoka."

Nilipitisha kidole gumba juu ya lile kunjo. Laini kama kioo. Nikasogea mwangani nikaona kwamba kunjo linang'aa sawasawa na sehemu nyingine zote za jalada. Lilikuwa picha ya kunjo. Aliyetengeneza toleo lile alichukua jalada la zamani, akalipiga picha lilivyo, uchakavu na vyote, akalichapisha kwenye kadibodi mpya.

"Mzee wangu, samahani, hebu pitisha kidole hapa."

Akavaa miwani, akapapasa, akapapasa tena, akalipeleka jalada juani. Kisha akacheka. "Kumbe hata mimi niliingizwa mjini." Alikuwa amelipokea kwa mtu kwa bei ya kale. Tukakaa na kioo changu cha kukuzia tukaangalia maandishi madogo ya nyuma: badala ya herufi zenye kingo kali, zilikuwa vumbi la vidoto vya rangi, alama ya kitu kilichochapishwa kutoka kwenye kitu kilichochapishwa. Picha ya bendi ilikuwa mbaya zaidi, mawimbi mawimbi juu ya mashati ya waimbaji. Hakukuwa na anwani ya kampuni, mwaka, wala neno lolote kuhusu ruhusa. Nilinunua kwa bei ya toleo jipya, kwa sababu nilitaka kuisikia.

Na nilipoisikia nikapata kile ninachokitafuta siku zote.

Chukua singo yenye mkwaruzo mmoja unaokatiza mifereji. Inazunguka mara 45 kwa dakika, kwa hiyo sindano inaugonga mkwaruzo mara 45 kwa dakika: tk, tk, tk, kila baada ya sekunde moja na theluthi. Sasa chukua LP yenye mkwaruzo kama huo. Yenyewe inazunguka mara 33 na theluthi, hivyo inagonga mara 33 kwa dakika, kila baada ya sekunde 1.8. Masikio yanaweza yasizitofautishe kwa haraka, lakini saa ya simu inazitofautisha. Ile LP ya sokoni ilikuwa safi, plastiki mpya inayong'aa, hakuna alama hata moja niliyoweza kuiona. Wimbo wa tatu ukaanza kugonga, tk, tk, tk. Nikawasha saa na kuhesabu. Arobaini na tano. Sahani iliyokuwa ikizunguka mbele yangu ilikuwa ya mizunguko 33. Mikwaruzo niliyokuwa naisikia ilikuwa ya singo ya mtu mwingine, iliyopigwa labda sebuleni kwake, ikarekodiwa, ikageuzwa albamu.

Mtihani huu naupenda kuliko mingine yote kwa sababu hauna ubishi. Mkwaruzo halisi utauona ukiinamisha santuri mwangani. Mkwaruzo uliorekodiwa hauonekani lakini unasikika, na mwendo wake unakwambia mzazi wake alikuwa sahani ya aina gani. Kwa nyimbo za zamani zaidi utahesabu hadi 78, na hapo umeijua shelaki. Nakala mbili za toleo lile lile zitagonga mahali pale pale, kwenye silabi ile ile ya mwimbaji, jambo lisilowezekana kwa mikwaruzo ya ajali.

Wapo mafundi wanaoijua siri hii, basi huisafisha sauti kwa kompyuta mpaka tk inatoweka. Hapo sikiliza kinachoondoka nayo. Programu ya kufuta mikwaruzo haijui tofauti kati ya mkwaruzo na kayamba. Ikikazwa sana, matoazi yanakuwa kama yamefunikwa blanketi, na ile ncha ya gitaa la solo, pale kidole kinapoachia waya, inafifia. Les Wanyika ukiwasikia kwenye singo ya Polydor, besi inatembea mbele yako na gitaa linachoma. Kwenye faili lililosafishwa kupita kiasi wanakuwa watu wanaopiga chumba cha pili mlango umefungwa.

Kuna mtihani mwingine wa sikio, na huu ni wa kwetu hasa. Nyimbo zetu zilikuwa ndefu na singo ilikuwa fupi, kwa hiyo wimbo ulikatwa: upande A mashairi, upande B chemko, magitaa yanaachiwa na watu wanainuka kwenye viti. Upande A mara nyingi unaisha kwa sauti kushushwa taratibu, na upande B unaanza kwa ghafla au kwa sauti kupandishwa. Toleo jipya huunganisha pande mbili ziwe wimbo mmoja. Sikiliza kwenye kiungio. Muziki ukipita moja kwa moja, ngoma hazijayumba, inawezekana kabisa waliupata utepe wa studio. Lakini sauti ikizama halafu ikaibuka, au mwendo ukajikwaa, au mngurumo wa chini ukabadilika ghafla, basi wameunganisha pande mbili za singo. Tahadhari: zipo bendi ambazo studio ziliwasimamisha wapige sehemu ya pili peke yake. Hapo kiungio kitakuwepo hata kwenye utepe. Ndiyo maana siutumii mtihani huu peke yake.

Kurekodi kutoka kwenye santuri hakumfanyi mtu mwizi. Tepu nyingi za Nairobi zilifutwa, zilioza au zilipotelea kwenye mabadiliko ya kampuni, na kampuni za kimataifa zilipojiondoa na viwanda kufungwa, kazi kubwa ya muziki wetu ilibaki kwenye singo zilizotapakaa majumbani. Anayetaka kuurudisha leo, hata akiwa mwaminifu kama kadhi, huenda asipate kitu kingine isipokuwa hizo. Soundway ya Uingereza walipotoa mkusanyiko wao wa Kenya Special mwaka 2013, nyimbo za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 na 1980, wengi wetu tulisikia kwa mara ya kwanza singo ambazo hata kuziona hatukuwahi. Mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique, Ufaransa, ulifanya hivyo kwa taarabu na dansi, ukaja na vijitabu vyenye majina ya wapiga vyombo na picha zao. Mimi nazinunua kazi za namna hiyo bila kusita, na kwa kusikiliza nyumbani mara nyingi nazipendelea kuliko singo iliyochimbika.

Kinachonikera ni yule anayetoa santuri isiyo na jina la mtoaji. Hapo napenda watu wajue sheria inasemaje, maana kuna uvumi kwamba "muziki wa zamani hauna mwenyewe". Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hiyo ni kweli kwamba rekodi za miaka ya 1960 zimeshatoka kwenye ulinzi huo pale Kenya. Ila wimbo wenyewe, yaani mashairi na sauti iliyotungwa, una haki yake nyingine, inayodumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Hesabu mwenyewe: kwa sheria hiyo nyimbo alizotunga zinalindwa hadi mwisho wa 2029. Anayefyatua nyimbo za Mbaraka leo bila kuwatafuta warithi wake hawezi kujificha nyuma ya umri wa rekodi. Ulaya ulinzi wa rekodi unaweza kufika miaka 70, na huko ndiko santuri nyingi za namna hii zinakofyatuliwa na kuuzwa.

Kwa hiyo nikigeuza jalada la toleo jipya natafuta majina. Ruhusa imetolewa na nani? Kampuni iko mji gani? Mtunzi ametajwa kwa jina kamili au wameandika "jadi"? Hilo neno "jadi" kwenye wimbo ambao mtunzi wake anajulikana ni dharau iliyovaa suti. Mtoaji halali hujivunia kazi ya kuwasaka wenye nyimbo na huielezea mpaka uchoke. Aliyekaa kimya ana sababu.

Neno moja kuhusu kununua mtandaoni, maana wengi mnaniuliza hilo. Discogs, tovuti ya orodha na soko la santuri, ni hazina, naitumia kila siku, na inapobainika kwamba toleo si rasmi huliwekea alama na kulizuia lisiuzwe sokoni kwake. Lakini kurasa za santuri za Afrika Mashariki zimejazwa na wapenzi kama mimi na wewe, mara nyingi kwa kutumia nakala moja. Mwaka ulioandikwa pale unaweza kuwa makadirio ya mtu. Picha ya lebo inaweza kuwa ya nakala tofauti kabisa na utakayotumiwa.

Naomba vitu vitatu kwa muuzaji kabla sijatuma pesa. Picha ya ukanda wa ndani, pande zote mbili, imepigwa kwa mwanga wa pembeni mpaka mwandiko usomeke. Picha ya ukingo wa lebo kwa karibu. Na sauti, dakika moja nzima kutoka katikati ya wimbo, imerekodiwa kwa simu tu inatosha, pamoja na kuniambia sahani ilikuwa inazunguka kwa spidi gani. Wauzaji wazuri hawaoni shida, wengine hufurahi kumpata mtu anayejali. Mmoja aliwahi kunijibu kwamba sauti haina umuhimu kwa sababu santuri yenyewe ni ya kuweka ukutani. Nilimshukuru na kumtakia biashara njema.